Panya wa Wiki ya Sita

2 Aprili 1993

Bibi wangu,

Nimefika salama, na usinicheke. Siku ya kwanza nilipotea humu humu ndani ya maabara. Kuna milango minane, yote myeupe. Nikaingia stoo ya mitungi ya gesi, nikampa fundi bomba shikamoo ya adabu zote nikidhani ndiye mkuu wa idara. Akaniitikia vizuri tu, kisha akauliza kama nimekuja kuangalia mfereji uliovuja.

Chumba changu kiko ghorofa ya tatu, juu ya dobi la hospitali. Kutwa nayaona mashuka yakipita chini kwenye matoroli, yanaingia na madoa, yanatoka meupe. Nimeshazoea mtikisiko wa mashine. Nadhani zikizimwa sitapata usingizi.

Sasa la maana. Kile kichupa cha unga wetu wa kijani nilikibeba kifuani njia nzima kama mtoto mchanga. Jumatatu nikaziwekea dawa seli za saratani ya koo. Baada ya siku mbili nikachungulia kwenye hadubini, Bibi, zimekufa fofofo! Ile dawa ya platinamu wanayoitumia hospitali zote iliua nusu tu. Yetu ya shaba haikubakiza kitu. Mkuu akainama pale muda mrefu, akainuka akauliza, "Nani katengeneza hii?" Nikamwambia ni sisi wawili, mimi na Bibi. Akasema, "Nyanya yako ni mkemia?" Ikabidi nieleze kwamba una miaka ishirini na sita, na jina tulikupa mwaka wa kwanza chuoni kwa sababu ya lile sweta na mwendo wako wa kuipima ardhi kabla ya kuikanyaga.

Mwalimu wetu ameniandikia kutoka huko kuhusu makala yetu tuliyoipeleka kwenye jarida. Ni vitu vidogo vidogo, mpangilio na majina. Usihangaike navyo, nitavimaliza mimi.

Nitumie gramu tano zaidi.

Ndugu yako wa kuchagua,
Kiberiti


25 Mei 1993

Kiberiti,

Gramu tano sina. Nimekufungia tatu na nusu, kwenye kichupa cha kahawia, juu nimeziba kwa nta. Usikifungue karibu na dirisha.

Unauliza nyumbani kukoje. Feni ya kuvuta moshi imekufa kabisa, kwa hiyo nachemshia karibu na mlango, mguu mmoja ndani mmoja nje. Mwalimu amechukua ufunguo wa kabati la madini, kila nikitaka shaba naenda kumgongea kama naomba chumvi kwa jirani. Juzi nimesimama napima unga, akapita nyuma yangu akasema, "Ukimaliza, zile chupa zinakungoja." Nikaziosha. Shahada mbili, Kiberiti, na mikono inanuka sabuni.

Sisemi kwa kulalamika. Nikikumbuka majaribio arobaini yaliyotoka matope, halafu lile la arobaini na moja likatoka kijani kama jani lililonyeshewa, naona mengine yote ni kelele. Mwenyewe ulikuwepo. Ulipiga yowe mpaka mlinzi akaja na rungu.

Panya wapya walikuja mwanzo wa mwezi. Kumi na wawili nimewachoma sindano kila siku tangu tarehe tatu. Jana wametimiza wiki tatu, uvimbe umenywea kama mwaka jana. Mwalimu akaagiza wote wachinjwe, wapimwe, tuandike, basi. Anasema matokeo mazuri hayacheleweshwi. Nimechinja sita. Sita waliobaki nimewaficha rafu ya chini, nyuma ya gunia la pumba, na naendelea kuwachoma. Nataka kuwaona wakifika wiki ya sita. Mgonjwa haendi hospitali kutafuta wiki tatu.

Usimwambie mtu.

Bibi


8 Juni 1993

Bibi wee!

Kichupa kimefika kizima. Na habari ni kubwa, kaa chini kwanza.

Hospitali imekubali kuijaribu kwa watu. Si watu wengi, watatu tu, wale ambao dawa nyingine zote zimewashindwa na wenyewe wametia sahihi. Wa kwanza ni dereva wa lori, ana uvimbe shingoni ukubwa wa ngumi. Nilikwenda wodini kumweleza dawa ni nini. Nikasema, "Mzee, hii ina shaba ndani yake." Akasema, "Kama ile ya nyaya za umeme?" Nikamwambia ndiyo, lakini imefungwa ndani ya kitu kingine. Akaniangalia, akasema, "Binti, uvimbe huu umepanda gari langu miaka miwili bila nauli. Kama una utingo wa kuushusha, mlete." Wodi nzima ilicheka, hata yule asiye na koo.

Tunaanza mwanzoni mwa Julai. Sasa nakuomba kitu kimoja kama ndugu. Wale sita wako wa rafu ya chini watakuwa wametimiza wiki sita utakapopata barua hii. Kama kuna lolote, hata unywele tu, niandikie siku hiyo hiyo. Kama huna la kuandika kuhusu panya, nitajua wako salama, na tutaanza.

Makala itatoka karibuni. Tutaizungumza.

Kiberiti


25 Juni 1993

Kwa Mkemia,

Barua yako nimeipata.

Makala nimeiona. Mtunza maktaba aliniita mwenyewe, akaniwekea jarida mezani, akasimama pembeni akitabasamu. Nilisoma majina. Nikarudia. La Mwalimu lipo, lako lipo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, mnawashukuru wahudumu wa maabara kwa kuosha vyombo.

Hongera sana. Imeandikwa vizuri. Ukurasa wa tatu ule mchoro niliuchora mimi kwa rula yangu, lakini umependeza zaidi kwenye karatasi ya kung'aa.

Unaniuliza mimi habari za dawa? Mimi muosha chupa. Waulize walioandikwa.

Kuhusu panya, sina la kuandika.

Mhudumu wa maabara


9 Julai 1993

Bibi,

Barua yako imenikata maini. Nimeisoma nimesimama kwenye ngazi za dobi.

Nilijua. Siwezi kukudanganya tena. Machi ile, kabla sijaondoka, Mwalimu aliniita akasema jarida halitaki msururu wa watoto, jina la mwanafunzi ni moja tu, nichague, la sivyo anayafuta yote mawili. Nikachagua langu. Hata sikulala nalo, Bibi. Nilimjibu pale pale, mlango ukiwa wazi na wewe uko chumba cha pili unasuuza mirija. Nilikusikia ukiimba.

Huku nikashindwa kula. Mwezi wa tano nikamwandikia mhariri mwenyewe, nyuma ya mgongo wa Mwalimu, nikamtumia nakala za daftari lako, kurasa zote arobaini na moja. Amejibu. Toleo la Septemba litatoka na masahihisho, na jina lako litakuwa la kwanza, kabla ya langu, kabla ya lake. Nilitaka ulione kwa macho yako ndipo nikuombe radhi. Nilikuwa mwoga, nikatafuta njia ya kuomba radhi nikiwa nimeshasamehewa.

Tumeanza tarehe tano. Dereva alipoona dawa kwenye dripu, kijani, akasema, "Mmenipa maji ya bwawa." Hajatapika hata mara moja.

Nitukane ukitaka, lakini niandikie.

Kiberiti


10 Agosti 1993

Bibi,

Mwezi mzima, na huandiki. Basi nitazungumza peke yangu.

Uvimbe wa Dereva ulipungua ukawa kama yai, sasa ni kama kokwa. Juzi amemeza uji bila kulia. Mkewe alikuwepo na binti yao. Mama yule alishika bakuli tupu akaligeuza chini juu kunionyesha. Baadaye akaniuliza aliyetengeneza dawa ni nani. Nikasema ni rafiki yangu, yuko mbali, ni mtu makini kuliko mimi. Akasema, "Mwambie ana dada huku."

Wagonjwa wawili wengine walianza wiki tatu zilizopita. Nao vizuri.

Jambo moja tu. Jana nesi amesema macho ya Dereva yana unjano kidogo. Daktari anafikiri ni zile dawa za maumivu alizokuwa akizimeza ovyo. Labda. Wewe unaonaje?

Kiberiti


24 Agosti 1993

Bibi tafadhali.

Tumbo limejaa maji. Amekuwa wa njano mpaka kucha. Anajikuna hadi damu, wamemvalisha soksi mikononi. Daktari anasema tuendelee na dawa kwa sababu uvimbe unakwisha, na mimi sina cha kumpinga, makala inasema ni salama, na nimeitia jina langu.

Nimepiga simu maabara mara mbili. Mwalimu amepokea, akasema hupo.

Wale panya. Niambie tu wale panya walikuwaje.

K.


TELEGRAMU
6 Septemba 1993

SIMAMISHENI DAWA WAGONJWA WOTE LEO. INI. PANYA SITA WALIKUFA WIKI YA SITA. BARUA INAKUJA. BIBI


7 Septemba 1993

Kiberiti,

Jana mtunza maktaba aliniita tena. Toleo la Septemba. "Safari hii umo," akasema, "tena wa kwanza." Nikasoma jina langu. Nikarudi maabara, nikafungua droo, nikatoa barua zako tatu. Zilikuwa hazijafunguliwa. Nilikuwa nazipokea, naangalia mwandiko wako, naziweka chini ya taulo. Nilizisoma zote kwa mara moja nimekaa sakafuni. Kisha nikakimbia posta. Mimi, Bibi, nilikimbia, na barabarani watu wakanipisha.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua nyingine. Niliiandika Juni, siku moja kabla ya kuona jarida. Nimeinakili hapa pia, ili usiseme karatasi ilipotea:

"14 Juni 1993. Kiberiti, msomee mkuu wako hii kabla hujavua koti. Panya wa rafu ya chini wamekufa wote sita, kati ya siku ya thelathini na nane na leo. Walianza kuwa wa njano masikioni, matumbo yakajaa maji. Nimewapasua. Uvimbe haupo kabisa, na ini halipo pia. Limekuwa kama sifongo kuukuu. Shaba inarundikana humo taratibu, ndiyo maana wiki ya tatu hatuoni kitu. Msimpe mtu yeyote. Tukipunguza dozi na kupumzisha wiki moja kati ya mbili huenda tukaiokoa dawa. Tuanze upya, nina nguvu. Bibi."

Bahasha nilishaibandika stempu. Asubuhi yake nikapitia maktaba nikiwa njiani kwenda posta.

Sikuichana. Niliiweka droo. Nikajiambia nitaituma hasira ikipoa, ikaja barua yako ya kuniuliza, nikaona kumbe mnanihitaji. Nikaandika yale niliyoandika. Nilijua kabisa utakavyoelewa maneno "sina la kuandika". Niliyachagua kama ninavyochagua uzito wa mizani.

Nilitaka ufedheheke. Nilifikiri daktari ataona mapema, dawa itasimamishwa, utarudi umeinamisha kichwa. Mtu mwenyewe sikumfikiria. Hapana, ngoja niseme kweli, maana hii ndiyo siku yake: nilimfikiria. Nilijiambia ni mtu ambaye atakufa hata hivyo.

Na zile simu. Nilikuwa nimesimama hapo hapo kando ya meza. Mwalimu alifunika simu kwa kiganja, akaniuliza, "Ni rafiki yako, upo?" Nikatikisa kichwa. Ni mara ya kwanza mwaka huu mimi na yeye kukubaliana jambo.

Dereva anaendeleaje? Niambie. Nitapokea chochote.

Bibi


26 Septemba 1993

Bibi,

Dereva alifariki tarehe 30 Agosti, saa nne asubuhi. Telegramu yako ilimkuta siku saba kaburini.

Unasema angekufa hata hivyo. Ni kweli. Daktari alikuwa amemkadiria miezi minane. Sisi tulimpa wiki nane. Shingo yake ilikuwa laini kama ya kijana, mkewe aliipapasa alipokuwa anamwosha, akawa anaita wanawake wengine waje waone, "Tazameni, umekwisha, umekwisha kabisa." Hakuelewa wakati ule kilichomuua ni nini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na koti langu jeupe, na sikuelewa pia. Nilidhani tumbo lile ni saratani imehama.

Wagonjwa wawili tuliwasimamishia dawa siku ile ile ya telegramu. Mmoja macho yameanza kusafika. Wa pili hatujui.

Kamati ya hospitali iliniita. Wakauliza dawa ni ya nani. Sikuhitaji kusema mengi. Niliwafungulia jarida la Septemba nikaweka kidole. Jina lako ni la kwanza, Bibi, kama nilivyokuahidi. Watakuandikia.

Barua yako ya tarehe 14 Juni sijaionyesha mtu. Nakurudishia humu, na bahasha yake na stempu yake. Uitoe mwenyewe au uile. Mimi yangu nimewaambia: kwamba niliona macho ya njano siku ishirini, nikanyamaza kwa sababu ya makala yenye jina langu. Wamenipa hadi mwisho wa mwezi nifungashe.

Nilidhani nitakuwa na hasira. Nimezisoma barua zako kwa kufuatana, tangu za chuoni, na kitu ninachokiona ni kwamba hukuwahi kukosea neno. Hata lile.

Mke wa Dereva amekuja kuomba anwani yako. Alisema huyu wa hapa analia tu, hajibu. Anamtaka yule makini. Nimempa.

Usiniandikie tena.

Kiberiti


20 Oktoba 1993

Kwako dada mkemia,

Salamu nyingi. Mimi ni mke wa yule dereva wa lori uliyemtengenezea dawa. Hatujafahamiana kwa sura, lakini marehemu alikuwa akikutaja. Alikuwa akisema, kule mbali kuna bibi kizee ananipikia maji ya bwawa, nikipona nitampelekea lori zima la kuni. Tulikuja kuambiwa kwamba wewe si kizee. Alicheka sana siku hiyo.

Kwanza nakushukuru. Uvimbe ulikwisha. Miaka miwili alikuwa analala ameketi, na mwezi wa mwisho alilala ubavuni kama mtu. Hilo umetupa wewe, na Mungu amekuona.

Pili ninalo swali, na linanizuia kula. Watu hapa nyumbani wanasema maneno. Mashemeji wanasema nilichelewa kumpeleka hospitali, ndiyo maana ugonjwa ukaingia tumboni. Wengine wanasema ni mimi niliyemkubalia asaini ile karatasi, na kweli yeye alisita, mimi ndiye niliyemwambia, saini baba, wasomi hawa wanajua wanachofanya. Kalamu nilimshikisha mimi.

Rafiki yako nilimuuliza kilichomuua mume wangu ni nini, na kama kuna mtu aliyejua kabla. Alilia, akasema swali hilo mwenye jibu ni wewe peke yako, na kwamba wewe huandika kila kitu kwenye daftari na hukosei.

Basi naomba unijibu. Kama kosa ni langu, niambie, nitalibeba. Nataka tu kulijua jina lake.

Nakuomba usitumie maneno ya kidaktari. Mimi sijui kusoma. Barua hii ninamtajia binti yetu naye anaandika, na jibu lako atanisomea yeye. Yuko darasa la tano. Anasoma vizuri, ila akikutana na neno gumu hasongi mbele. Hulirudia kwa sauti, tena na tena, mpaka alielewe.

Ni mimi,
Mama yake